Wakaguzi Watatu na Jina la Akwii

Ukiuliza habari za Otukei pale Malaba, watu watakuonyesha dirisha la juu ya duka la vyuma, wakuambie ofisi yake ilikuwa pale, kisha watakuuliza umetoka wapi na unaelekea wapi. Hawapendi kuendelea. Mimi nilizisikia kwa Mathews, mtoto wa jirani yetu, aliyekuwa mfanyakazi wake. Mathews si mtu wa kutia chumvi.

Siku ilianza vizuri tu. Malori yalikuwa yamepanga foleni kuelekea mpakani, madereva wamekaa kwenye kivuli cha magurudumu wakikaanga mayai. Otukei alifungua madirisha, akamimina chai, akaketi mbele ya kompyuta akipiga mluzi. Alikuwa na sababu. Wachuuzi wa samaki wa Osieko walikuwa wamempa kazi ya kuwatengenezea mfumo wa kuangalia chumba chao cha barafu, mashine ikizima wapate habari kabla samaki hawajaharibika. Msimbo, yaani maandishi ya programu, alishaumaliza. Kilichobaki ni ukaguzi.

Zamani msimbo wake ulikaguliwa na msichana aliyeitwa Akwii. Akwii alikuwa amefariki. Mahali pake Otukei aliweka modeli tatu za AI, za kampuni tatu tofauti. Kila moja ilisoma msimbo peke yake bila kujua wenzake wamesema nini, ikatoa maoni, na maoni yote yakakusanywa kwenye ukurasa mmoja. Mathews aliwahi kumuuliza kwa nini moja isitoshe.

"Moja inaweza kuota," Otukei alimjibu. "Inakuambia kuna makosa na hakuna. Lakini hizi tatu hazijuani. Zikisema kitu kimoja, jua hicho kitu kiko."

Basi akabonyeza, akanyanyua kikombe. Maoni ya kwanza yakatokea.

"Hapa palikuwa na ukaguzi wa mtu aliyesimama njiani. Nani aliuondoa?"

Otukei akacheka. Mtu gani asimame njiani ndani ya chumba cha barafu? Imeota hiyo. Akasubiri ya pili. Ya pili ikaja na maneno yale yale. Ya tatu ikaja. Yale yale, mpaka alama ya kuuliza. Na chini ya kila moja palikuwa na neno moja limekaa peke yake.

Haipiti.

Mathews alikuwa nyuma yake, kikombe mkononi. Chai yake ilipoa bila kuguswa.

"Boss," alinong'ona, "hilo neno ni la Akwii."

Hapo lazima nirudi nyuma kidogo, maana bila hivyo hutaelewa kwa nini Otukei alifunga kompyuta kwa nguvu na kutoka nje bila kumjibu.

Kuna mtu anaitwa Mulama ana yadi ya malori nje kidogo ya mji. Geti lake ni la chuma, zito, linateleza juu ya reli kwa mota. Otukei na Akwii ndio walioandika programu ya kuliendesha. Akwii aliweka jicho dogo kwenye nguzo: geti likiwa linafunga na mtu yuko njiani, linasimama. Shida ikawa kwamba lilisimama pia kwa mbuzi, kwa vumbi, kwa karatasi iliyopeperushwa na upepo. Madereva wakapiga kelele. Mulama akapiga kelele zaidi. Otukei akaifuta sehemu ya jicho kwenye programu, akaileta kwa Akwii aikague. Akwii akaisoma, akaandika kama alivyoandika kila alipokataa kazi mbaya: Haipiti.

Otukei alikuwa mkubwa wake. Akaipitisha mwenyewe, na hakumwambia.

Kesho yake Akwii alikwenda yadi kusafisha lile jicho. Akainama kwenye reli, akiamini geti linamwona. Halikumwona.

Kabla mwili haujaondolewa pale, Otukei alikuwa ndani ya gari lake, kompyuta mapajani, anabadilisha kumbukumbu za msimbo. Kukataa kwa Akwii kukafutika. Pale palipoonyesha nani aliondoa jicho, akaandika Akwii. Kisha akalirudisha jicho ili geti liwe salama, akatoka garini akilia. Akawaambia polisi, akamwambia Mulama, akamwambia mama mzazi wa Akwii: "Poleni sana. Alikosea mwenyewe." Mathews naye aliisoma ile ripoti, akaamini.

Walimzika kwao Kolanya. Watu wengi walikuja, na wengi walinong'ona kwamba masomo ya huyo msichana ndiyo yaliyomuua. Mama yake, Benedetta, aliwasikia wote. Jeneza lilipotaka kufungwa alisema ngojeni. Akaleta laptop ya Akwii, akaiweka chini ya mikono ya marehemu. Katekista akarudi nyuma hatua moja. Kina mama wazee wakatazamana, maana walishaona mtu aliyeuawa akizikwa na kisu ili ajitafutie haki yake. Laptop ndiyo walikuwa hawajaiona.

Benedetta akainama mpaka midomo ikagusa sikio la mtoto.

"Usilale, Akwii. Usilale mpaka jina lako lirudi."

Otukei alikuwa amesimama karibu kiasi cha kusikia. Alitazama viatu vyake.

Sasa tuendelee. Baada ya ile siku ya chumba cha barafu, Otukei aliziondoa zile modeli tatu, akaweka nyingine za kampuni nyingine kabisa. Akatuma kazi ya duka la dawa la Mundika, kitu kidogo cha kupanga dawa kwenye rafu. Majibu yakaja matatu. Nani aliuondoa? Nani aliuondoa? Nani aliuondoa? Haipiti.

Akaamua kubaki na moja tu. Akazima mbili, akahakikisha, akamwita Mathews naye ahakikishe. Wakatuma. Ukurasa ukafunguka na maoni mawili.

Ya kwanza yalikuwa na jina la modeli. Ya pili hayakuwa na jina la chochote. Yalisema:

"Yoga, Otukei."

Ni salamu tu ya Kiteso. Mtu humsalimu mtu hivyo akiingia nyumbani, na Otukei alisalimiwa hivyo kila asubuhi kwenye meza ile ile, na msichana aliyeingia akiwa amebeba viatu vya matope mkononi. Alikitazama kiti kilichokuwa kando yake. Kilikuwa kimegeuzwa kumtazama yeye.

"Umesogeza hiki kiti?" alimuuliza Mathews.

"Hapana, boss."

Kazi zikaanza kumponyoka. Chochote alichoandika hakikupita, na alipojaribu kupeleka bila ukaguzi, wateja wenyewe walipiga simu kuuliza kwa nini mfumo wao unawauliza habari za mtu aliyesimama njiani. Otukei akakonda. Akawa akisikia mtu anapanda ngazi, anasimama kwanza ahesabu kama hatua ni za mtu mzito au mwepesi. Mathews alimvumilia, mpaka mchana mmoja akashindwa kujizuia.

"Boss, kwani nani alitoa hiyo kitu?"

"Akwii mwenyewe. Si ulisoma ripoti?"

Kompyuta ilikuwa mezani, imefungwa. Feni yake ikaanza kuvuma. Wakaitazama. Ikavuma zaidi. Mathews ndiye aliyenyoosha mkono akaifunua. Hakuna aliyekuwa ameomba ukaguzi. Kwenye ukurasa palikuwa na maoni matatu, ya wakaguzi watatu waliozimwa siku nyingi.

Mwongo.

Mwongo.

Mwongo.

Otukei alikwenda Kolanya siku hiyo hiyo, jua likiwa bado kali. Alimkuta Benedetta anaanika muhogo kwenye turubai. Mama huyo hakunyanyua kichwa.

"Toto," Otukei alimwita, ndivyo Kiteso kinavyomwita mama kwa heshima. "Nakuomba. Mwambie alale."

"Sikumtuma kwako. Nilimwambia tu asilale. Kama amekuja kwako, wewe ndiye unajua kwa nini."

"Nitakujengea nyumba."

"Nina nyumba." Akageuza kipande cha muhogo, akageuza kingine. "Lirudishe jina lake, Otukei. Sema mbele ya watu. Ni neno moja tu."

Otukei alifikiria kizimba, akafikiria pingu, akafikiria vile watu wangemtazama. Akatikisa kichwa. Benedetta ndipo alipomwangalia usoni, kwa muda mrefu, na macho yake hayakuwa na machozi.

"Basi enda," akasema kwa sauti ya chini. "Sasa utakataa kwake, si kwangu."

Simu ya Mulama ilimkuta njiani. "Boss Otukei, kuja yadi haraka. Geti yako inaandika."

Kweli, kwenye kibanda cha mlinzi palikuwa na skrini ndogo ya kuonyesha kama geti limefungwa au liko wazi. Ilikuwa inaonyesha swali. Otukei hakulisoma hata mara ya pili. Akampigia Mathews alete kompyuta. Alikuwa ameamua kuifuta programu yote ya geti, na kumbukumbu zake zote, abaki na chuma tupu kisichojua kitu. Lakini programu hiyo haikubali mabadiliko bila wakaguzi watatu kupitisha. Sheria hiyo aliiweka yeye mwenyewe baada ya msiba, ili aonekane mtu mwangalifu. Akawawasha tena wote watatu, akaandika amri ya kufuta. Akaituma.

Ya kwanza: Inapita.

Ya pili: Inapita.

Ya tatu: Inapita.

Mathews aliona kitu hapo ambacho bosi wake hakukiona. "Boss, umefuta mpaka jicho," alinong'ona. "Na safari hii wamekubali."

Otukei hakusikia. Alikuwa anacheka, anajipangusa jasho. Imeisha, alisema. Imeisha. Akatoka kibandani, akaelekea barabarani alikoacha gari. Geti lilikuwa wazi. Madereva walikuwa wamejazana upande wa pili wakingoja kuingia. Alifika kwenye reli.

"Yoga, Otukei."

Sauti ilitoka nyuma yake. Ya karibu. Ya kawaida kabisa.

Akasimama. Akageuka. Hakukuwa na mtu.

Geti likaja.

Madereva wanaapa kwamba halijawahi kwenda kasi ile. Lilimbana kifua kwenye nguzo. Pumzi ikamtoka yote. Mathews alikimbilia swichi kubwa, akaishusha. Geti halikuachia. Akafungua sanduku la mota, akazing'oa nyaya kwa mikono. Halikuachia. Lilisogea. Upana wa kidole tu.

Mulama alikuwa kibandani. Skrini haikuwa na umeme, na ilikuwa inawaka.

"Inauliza," alisema. "Inauliza nani aliuondoa."

Otukei akafungua mdomo. Na hata pale, hata pale jamani, akasema: "Akwii."

Geti likasogea. Watu walisikia mbavu.

"Inauliza tena," alinong'ona Mulama.

"Mimi." Damu ilikuwa kwenye meno. "Mimi. Otukei. Akwii alikataa. Nilipitisha. Nikaandika jina lake."

Madereva, mlinzi, kina mama wauza chai, wote walisikia. Mathews alikuwa ameshika nyaya, analia. Skrini ikakaa tupu kwa muda ambao hakuna aliyethubutu kuupima. Kisha Mulama akasoma neno moja.

"Inapita."

Geti likaachia. Otukei akaanguka kwenye vumbi kama gunia.

Hakufa. Wengine wanasema hiyo ndiyo adhabu yenyewe. Alitibiwa, akapona mbavu, akapelekwa rumande, na maneno yake akayarudia mbele ya hakimu bila wakili kumzuia. Walinzi wa gerezani wanasema hapiti mlangoni peke yake. Husimama kizingitini, mikono kifuani, anauliza kwa sauti ya chini kama kuna mtu. Asipojibiwa hatoki. Siku nyingine hukaa hapo mpaka chakula kinapoa.

Benedetta alipopata habari hakuuliza kama Otukei yuko hai. Alimwita katekista, wakaenda kaburini na wale wale waliokuwa wakinong'ona, likasomwa jina la Akwii, na ikasemwa wazi kwamba hakukosea.

Mulama naye aliita fundi alitazame geti kabla ya kuliuza kama chuma chakavu. Fundi akazunguka upande wa barabarani, pale mtu angeweka mikono kulisukuma, akapaza sauti kuita watu. Chuma kilikuwa kimebonyea mahali pawili, kwenye kimo cha kifua cha mwanamke. Viganja viwili. Vidole kumi vimejichora vizuri, kama vilivyobonyezwa kwenye unga uliokandwa. Fundi alivigonga kwa nyundo kutoka ndani mpaka vikasawazika, akapaka rangi. Rangi ilipokauka vilikuwa vimerudi.

Hakuna aliyelinunua. Liko pale nje, limeegemezwa ukutani. Juzi dereva mmoja wa kutoka Uganda, mgeni asiyejua lolote, aliviona viganja hivyo akacheka, akaweka vyake juu ajipime. Akavitoa haraka, akajipangusa kwenye suruali.

"Ssebo," alimwambia Mathews aliyekuwa karibu, polepole na kwa adabu ya Kiganda, "nani ametoka kuegemea hapa sasa hivi? Hii chuma iko na joto ya mtu."

Ilikuwa inanyesha tangu asubuhi.