Chupa ya Kunda Haipoi

Wengine hukutanishwa na kanisa, wengine na msiba. Godefroid na Honorine walikutanishwa na chupa, na chupa yenyewe ilikuwa na joto.

Ilikuwa Jumamosi mchana, Élisabethville, mwaka ule serikali ya Wabelgiji ilipokubali hatimaye kwamba mtu mweusi naye anaweza kunywa divai bila dunia kupinduka. Duka la Mreno lilijaa mpaka mlangoni. Wachache walikuja kununua, wengi walikuja kutazama tu chupa za divai ya Kap zilizopanda na reli kutoka Afrika Kusini. Nyuma ya kaunta alisimama Godefroid, koti jeupe, tai nyeusi, nywele zimechanwa kwa mstari kama wa rula.

Kazi yake ilikuwa kuonja. Kila pipa lililofunguliwa lilipita kwanza mdomoni mwake. Aliizungusha divai ulimini, akafumba macho, akasema hii imelala mno kwenye mbao, hii imepata jua zuri, hii imechoka na safari. Kisha akaitema katika ndoo yenye unga wa mbao. Alitema vizuri, bila tone kugusa koti, na kusema kweli alijivunia. Dada yake mkubwa Delphine, aliyemlea tangu mama yao afe, alisema kazi hiyo imemharibu.

“Hata banamuke unabaonjaka na kutema,” alimwambia kila alipoachana na mchumba.

Na wachumba alioachana nao walikuwa kadhaa.

Basi Jumamosi hiyo akaingia binti mmoja, amevaa blauzi ya libaya ya kijani yenye mikono ya kuvimba, kiunoni kikwembe chenye picha za samaki wa njano, kitambaa kimefungwa kichwani kwa ufundi wa mtu anayejua kuwa atatazamwa. Alipenya katikati ya watu mpaka kwenye kaunta.

“Ni weye njo unatemaka vin ya bazungu?”

Watu walicheka. Godefroid akarekebisha tai.

“Ni miye, mama. Na ya bantu nitaitema vilevile, kama ni mubaya.”

“Hii hautaitema. Utainusa tu.”

Akatoa chupa chini ya kikwembe na kuiweka mbele yake. Haikuwa na lebo, na kizibo chake kilifunikwa kwa nta ya nyuki. Godefroid aliishika, akashtuka kidogo.

“Iko na moto.”

“Juu nilikuwa nayo mu mukono.”

Kulikuwa na mteja aliyekuwa akingoja, hivyo akaiweka chupa ile kwenye saruji ya ghala la nyuma, kati ya chupa za Kap, mahali penye ubaridi hata katika joto la mwezi wa kumi. Alipoirudia, ilikuwa na joto vilevile, na chupa iliyosimama kando yake ilikuwa ikitoka jasho. Akaleta pua karibu na nta. Alisikia asali, halafu majani yaliyolowa, na nyuma ya hayo yote tumbaku ya kiko. Alinusa mara ya pili akitumaini amekosea. Tumbaku ilikuwa palepale, kama mtu anavuta upande wa pili wa kioo.

“Nani alifanya hii?” aliuliza aliporudi kwenye kaunta.

“Baba yangu. Kunda, njo jina yake. Alikuwa anachunga mizabibu ya bapadri ku misheni moya ya Marungu, kule ku milima. Alisha kufa. Hii njo chupa ya mwisho, na baba mudogo anasema tutaifungula siku muntu atakuya kuniomba. Mi nataka kuyua tu kama ingali muzima.”

“Iko muzima,” alisema Godefroid, na neno hilo halikumkaa vizuri mdomoni.

Binti akatabasamu, akairudisha chupa chini ya kikwembe. “Merci. Miye Honorine.”

Tangu siku hiyo simu ya duka ikawa na kazi. Honorine alisaidia masista kwenye foyer, nyumba yao ya mafunzo ya wanawake, akifundisha kushona, na sista mkuu alipokwenda kusali, simu ilibaki bila mwenyewe.

“Allô, duka ya vin?”

“Ndiyo, madame.”

“Niko natafuta divai moya. Murefu, mweusi, na tai. Haitemake bantu.”

“Ile imeisha. Imebakia yenye kutemaka tu.”

“Basi nitangoya balete ingine.”

“Usingoye, chérie. Nitaifundisha.”

Jumapili baada ya misa walikaa barazani kwa Godefroid, mtaa wa Katuba, Delphine akikaanga samaki uani na kuwasikiliza waziwazi. Godefroid alimpangia Honorine bilauri tatu. Usimeze upesi, alimwambia, ipumzishe kwanza chini ya ulimi. Honorine alionja nyekundu ya Kap, akasema huyu anajisifu sana. Alionja nyeupe ya Wareno, akasema huyu alilia jana na hataki tuone. Ya tatu ilitoka kwenye mizabibu ya Marungu, ya mavuno ya karibuni. Aliimeza, akaweka bilauri chini.

“Ni kilima yetu,” alisema. “Mawe ya pale inanukaka vile, mvua ikianza.”

Godefroid alionja yake, akakubali kwa kichwa, akatema. Honorine aliitazama ndoo.

“Baba alikuwa anasema, muntu wa kutematema hana kwabo. Padri ku misa anamezaka.”

“Ni kazi, Honorine.”

“Niko nayua ni kazi.”

Ili kumrudishia kicheko, Godefroid aliuliza nyumbani wanamwita nani, maana kila mtu ana jina la utotoni.

“Baba njo alikuwa na jina ya kuniita. Nilikuwa nafukuza ndege mu zabibu, mi na yeye tu, hakuna muntu mwingine aliisikia. Ile jina alienda nayo.”

“Uniambie miye.”

“Hapana.”

Alisema kwa upole, lakini mlango ulikuwa umefungwa. Godefroid alimpenda zaidi hapohapo. Alimpenda mpaka akaogopa, kwa sababu mara hii hakuwa na hamu yoyote ya kutema, na mtu aliyezoea kutema hajui koo lake likoje. Akamtuma Delphine kwa baba mdogo wa Honorine kwenda kufungua mdomo, yaani kuanza posa.

Baba mdogo Faustin, mdogo wake marehemu Kunda, alikuwa fundi wa reli, na nyumba yake ilikuwa kambini karibu na karakana. Siku ya posa alivaa kabuti la sherehe lenye vifungo vyote. Mkewe alitandika kitambaa cheupe. Honorine aliketi mkekani, macho chini, vidole vikisokota pindo la kikwembe. Chupa ilikuwa katikati ya meza, na mbu hawakuikaribia.

Faustin aliikwangua nta, akang'oa kizibo. Kizibo kilitoka taratibu, kwa sauti ya mtu anayeshusha pumzi baada ya kungoja kwa muda mrefu. Akamwaga kidogo mlangoni kwa ajili ya waliotangulia. Akaonja yeye mwanzo, kama kwetu anavyofanya kila mwenye kumpa mgeni kinywaji, ili mgeni aone kuwa hakuna ulozi ndani. Kisha akajaza bilauri na kuinyoosha kwa mikono miwili.

“Kunywa, mukwe. Ni kaka yangu anakupokea.”

Godefroid alipiga goti, akapokea, akatia funda moja mdomoni.

Divai ilikuwa vuguvugu. Ilikuja na mvua ya mlimani na tumbaku ya kiko, halafu ikaja na kitu ambacho hajawahi kukionja katika pipa lolote: ilikuwa ni pumzi. Pumzi ya mtu mzima ilijaa mdomoni mwake, ikasukuma mashavu kwa ndani, na ulimi wake ukajigeuza bila yeye kuugeuza. Akasikia, si masikioni bali kwenye meno, sauti ya mzee ikiuliza kwa utulivu: Unamezaka kitu, weye?

Akatema.

Ilitoka yote, nyekundu, juu ya kitambaa cheupe cha mama mwenye nyumba. Delphine alifunika uso. Faustin aliichukua chupa, akaifunga kizibo kwa kiganja.

“Unamutema kaka yangu,” alisema, “mu nyumba yangu.”

“Baba, nisamehe, ni mazoea ya kazi.”

“Honorine hakukuambia? Kunda alifia mu pipa ya hii divai. Zabibu ilikuwa inachemuka, alichungula, ile hewa yake ikamukamata, akaangukia ndani. Bapadri balimwanga divai yote. Mi niliponesha chupa moya. Pumuzi yake ya mwisho ilibakia mule, na weye umeitupa chini sawa maji ya kunawa.” Akasimama. “Muende muzuri.”

Godefroid alimtazama Honorine. Machozi yalikuwa yakimtoka, naye hakuinua kichwa. Godefroid hakujua kama analia kwa sababu yeye ametema, au kwa sababu binti mwenyewe alimficha kifo hicho. Maji yakimwagika hayazoleki, wahenga walisema, na hao walikuwa wakizungumzia maji tu.

Kuanzia hapo kila kitu kilikuwa na ladha ya Kunda. Divai ya Kap ilikuwa na kiko ndani. Chai ya asubuhi ilikuwa na kiko. Maji ya bomba yalikuwa vuguvugu ulimini mwake, na kila alipotaka kutema, swali lilirudi kwenye meno. Mreno alifungua pipa jipya, Godefroid akamwambia limeharibika, linanuka tumbaku. Mreno akanusa, akaonja, akamtazama kwa huruma, akamwambia akapumzike. Usiku alilala mdomo umefunikwa kwa shuka. Kazini hakuwa na faida tena, lakini hilo halikumuuma hata robo ya kilichomuuma. Alimtaka Honorine, na alijua kwamba ikipita misimu Faustin atamtoa kwa mwingine, kwa mtu mwenye koo.

Alipiga simu kwenye foyer, sista akapokea, akakata. Alipiga tena, sista tena.

Mvua za kwanza zilianguka mchana mmoja akiwa dukani anapanga chupa tupu. Simu ikalia.

“Allô, duka ya vin?” Sauti haikuwa na utani.

“Honorine.”

“Nijibu kitu moya tu. Ulitema juu ya kazi, ao juu ya woga?”

Angeweza kusema kazi. Lilikuwa jibu rahisi, naye alikwisha kulitoa mara moja.

“Woga,” alisema. “Kuko muntu aliniuliza kitu mu kinywa. Na hata leo iko ananiuliza.”

Upande wa pili mvua ilipiga bati la foyer.

“Anakuuliza nini?”

“Kama mi namezaka kitu.”

Honorine alivuta pumzi. “Njo vile baba alikuwa anasemaka na bale bantu ba kuonja, bale balikuwa banakuya ku misheni. Godefroid, mi nilikuficha vile alikufa. Niliogopa utakimbia.”

“Nilikimbia vilevile.”

“Ndiyo. Sasa ngoya, usikate.” Akaenda kuchungulia kama sista anakuja, akarudi. “Kesho tutafika, mi na baba mudogo. Nitamwambia. Atasikia.”

Walifika kesho yake saa za alasiri, mvua ikipiga Katuba yote. Faustin alivua kofia, akaketi karibu na mlango kando ya Delphine.

“Kama kaka ingali anakuuliza,” alisema bila kumwangalia Godefroid, “basi hajakukataa. Muntu akikataa, ananyamaza. Ile divai imebakia njo yako. Hakuna ingine.”

Honorine aliiweka chupa mezani. Alivaa libaya lilelile la kijani. Godefroid aliigusa: ilikuwa na joto la shingo ya mtu. Ndoo yake ya kutemea ilikuwa pembeni, akaibeba na kuitoa nje, akaiacha mvuani. Kisha akamwaga tone kizingitini, na safari hii alilitaja jina: “Kunda, baba.”

Honorine alimimina yote iliyobaki, mafunda mawili tu, katika bilauri moja. Akaonja yeye mwanzo, kama inavyotakiwa, macho yake yakiwa kwa Godefroid.

“Hakuna ulozi,” alisema. “Ni baba tu.”

Godefroid akaitia yote mdomoni. Pumzi ikaja, nzito kuliko mara ya kwanza, ikamjaza mashavu, ikamwinua kaakaa. Machozi yalimtoka. Swali likaja. Mwili wake wote, uliofunzwa kutema tangu ujana, ulisukuma kwenda mbele. Honorine akamshika mkono. Akameza.

Iliteremka polepole kifuani, ikakaa. Tumbaku ikatoweka mdomoni, na mate yakawa mate. Faustin alishusha mabega. Nje, ndoo ilikuwa ikijaa maji.

Godefroid alipumua, akamgeukia mwanamke aliyempenda kusema neno ambalo alikuwa amelipanga usiku kucha.

“Kanyoni,” alisema, “utakubali nikuoe?”

Vidole vya Honorine vilikauka ndani ya mkono wake. Faustin alimtazama Delphine, Delphine akainua mabega. Hakuna kati yao aliyewahi kulisikia jina hilo, na Godefroid mwenyewe hakujua limetoka wapi.

“Nani alikuambia ile jina?” aliuliza Honorine kwa sauti ndogo sana, sauti ya mtoto aliye katikati ya mizabibu.

“Hakuna muntu.”

Honorine aliunyoosha mkono wake mwingine mezani, akaigusa chupa tupu. Ilikuwa baridi, kioo tu kama kioo kingine. Akaacha kiganja pale muda mrefu. Kisha akakisogeza mpaka kifuani kwa Godefroid, chini ya tai, akalikuta joto lilipo.

“Ndiyo,” alisema, na Godefroid hakuthubutu kumuuliza amemjibu nani kati yao wawili, yeye au Kunda.