Nani Alimchinja Makur?

"Akaale, umemchinja Makur?"

Kijiko cha uji kilibaki hewani. Mwanangu Akuwam alifungua mdomo, akangoja, akaona hakuna kinachokuja, akaanza kulia.

"Thiong? Unasema nini?"

"Nakuuliza polepole. Umemchinja Makur?"

"Mimi? Makur si yuko zizini kwangu! Jana tu nimemnywesha maji."

"Nimeangalia sasa hivi. Hayuko. Imeandikwa: Akaale amechinja dume Makur. Na chini umeniandikia maneno."

"Maneno gani?"

Akanisomea. "'Nimechoka na wewe na ng'ombe zako za simu. Tafuta msichana wa kwenu.'"

"Thiong, aki ya Mungu si mimi!"

"Nilitaka kubaki kwa sababu yako, Akaale. Sasa naenda Juba na mjomba, kesho kutwa. Asante kwa yote. Msalimie mtoto."

Simu ikakatika. Nikapiga. Mteja hapatikani. Nikapiga tena huku Akuwam akivuta leso yangu. Mteja hapatikani.

Kama hujawahi kumlilia ng'ombe asiye na kwato, utanicheka. Cheka tu, mpenzi msomaji, lakini nisikilize.

Mwaka huo, 2012, pale Lodwar, mimi na wenzangu tulikuwa tunacheza Malisho. Ni mchezo wa kwenye intaneti, unaingia kwa simu yoyote ile, hata yangu iliyofungwa kwa mpira. Haukuwa na picha, ni herufi tupu. Unakuwa mfugaji, una zizi, una majirani ambao ni watu wa kweli walioshika simu zao mahali fulani. Usipoingia kunywesha ng'ombe wako, fisi wanaanza kuwapunguza, isipokuwa jirani akuhurumie awapeleke kisimani pamoja na wake. Basi. Hakuna kushinda, hakuna mwisho.

Akuwam alipopata malaria nililala naye hospitalini mpaka nikasahau kama nina simu. Baba yake alikuwa ameshaenda zake Lokichoggio kitambo, kwa hiyo tulikuwa wawili tu na dripu. Siku tuliyotoka nilifungua Malisho nikijua nitakuta mifupa. Nikakuta ng'ombe wote, wamenona. Palikuwa na ujumbe kutoka kwa mchezaji aitwaye Makur: "Sikukuona. Nikawapeleka wako na wangu. Uko mzima?"

Nililia pale pale kwenye kitanda. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa ameniuliza kama niko mzima.

Makur lilikuwa jina la dume wake, na marafiki zake walimwita hivyo hivyo. Jina la kuzaliwa ni Thiong, Mdinka, mwenye kibanda cha kuchaji simu kambini Kakuma. Kwao mwanaume huitwa kwa jina la dume anayempenda. Kwetu Waturkana pia ni hivyo hivyo. Nilipomwambia, alicheka kwa furaha kama mtu aliyekutana na ndugu ugenini.

Tukawa tunaongea kila siku.

"Thiong, wewe umecheza michezo mingi. Kwa nini watu wanaiacha?"

"Nilikuwa na mmoja wa mapanga na majoka. Nilikaa huko mwaka. Nikafika juu kabisa, nimevaa dhahabu mpaka kwa viatu. Nikatazama huku na huku. Wenzangu wote wameenda. Nikabaki na dhahabu yangu kama mjinga."

"Na Malisho?"

"Malisho inachosha."

"Sasa mbona hutoki?"

"Nikitoka, wewe utaniuliza niko wapi."

Tulikuwa tumeonana mara moja tu, alipopata kibali cha kutoka kambini akaja Lodwar. Alikaa na Akuwam mapajani mchana kutwa, akimwimbia kwa Kidinka. Aliporudi Kakuma alifanya jambo moja: kwenye Malisho alimhamisha Makur kutoka zizi lake, akanikabidhi mimi. Kwetu mtu humwachia rafiki mnyama wake, lakini dume wa jina lake humwachia nani? Nilielewa. Hakuhitaji kupiga magoti.

Sasa dume huyo amechinjwa, kwa jina langu.

Nilimbeba Akuwam mgongoni nikaenda mbio mpaka saiba, duka la intaneti la Lotiir. Lotiir ni kijana wa hapa Lodwar lakini amelelewa Kitale, na ndiye aliyeniajiri niuze muda wa kompyuta mchana kabla ya darasa langu la jioni. Alikuwa ameleta mchezo mpya kwenye zile kompyuta, unaitwa Himaya: picha zinang'aa, joka anatema moto, kila wiki kuna upanga mpya. Vijana walijaa mpaka mlangoni.

"Lotiir, jana nilisahau kufunga Malisho kwa kompyuta nilipokimbilia darasani."

"Ulisahau, ee."

"Ni nani alikaa pale baada yangu?"

Akatabasamu. Hata hakujificha! "Ni mimi, siste. Nimekusaidia."

"Umenisaidia?"

"Wewe ni msichana mrembo, una akili, na unakaa hapa kunywesha ng'ombe ambazo hazionekani! Nimekuwekea shujaa kwa Himaya, ana taji na mabawa. Wachezaji wote wa Malisho watakufuata wewe ukihama. Na mimi pia... si unajua vile nakuonanga."

"Ulimchinja Makur."

"Si iliandikwa 'chinja' hapo? Nikabonyeza, nikamwandikia na yale maneno. Ni mchezo tu, Akaale! Maneno tu ya simu! Huyo jamaa wa kambi atapata ng'ombe ingine."

"Babu yako anaitwa nani?"

"Kwani babu ameingiaje?"

"Lotiir. Babu yako anaitwa nani?"

"Apaloreng. Kila mtu anajua."

"Kwa nini anaitwa Apaloreng?"

"Ni kwa sababu ya dume yake nyekundu, Loreng, ya zama—"

"Nenda umuulize angefanya nini mtu akimchinjia Loreng akiwa mzima."

Sikungoja jibu. Asubuhi yake nilipanda basi la kwenda Kakuma, Akuwam amelala kifuani, simu mkononi inaniambia yale yale, mteja hapatikani. Njiani nilipanga maneno. Nikayapanga upya. Nilijua jambo moja tu: nikichelewa, mwanaume aliyetuuliza kama tuko wazima ataenda Juba akiamini kwamba nilimchinja.

Kambini niliuliza kibanda cha kuchaji simu cha Thiong. Kilikuwa kimefungwa. Mtu akanionyesha nyumba ya mama yake mdogo, Nyanut, aliyemlea. Nilimkuta ameketi mbele ya moto akimimina unga uliokorogwa wa kisra, mkate wao mwembamba, juu ya sahani ya chuma. Mlangoni palikuwa na begi kubwa, limefungwa kwa kamba.

"Ejok, mama," nikamsalimia.

"Ejok. Wewe ndio Akaale?"

"Ndio mimi."

"Umechelewa. Chai imeshapoa."

"Mama, Thiong ameshaenda?"

"Kaa chini kwanza. Toa huyo mtoto jua. Ati ameenda! Ameenda kuambia mjomba yake yeye haendi."

Nikaketi mchangani. Nyanut akamchukua Akuwam, akampa kipande cha kisra kana kwamba wamejuana tangu zamani.

"Jana huyo kijana alilia," akasema. "Mwanaume mrefu hivi! Mimi nikauliza, nani amekufa? Akasema, Makur. Nikashika kichwa! Halafu akanionyesha simu. Nikataka kumpiga na mwiko."

"Mama, wallahi si mimi niliyemchinja."

"Najua."

"Unajua?"

"Nilimuuliza, huyo msichana ni kabila gani? Akasema, Mturkana. Nikamwambia, Thiong, wewe ni mjinga. Mturkana anaweza kuiba ng'ombe yako, hiyo nakubali." Akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Ataiba, ataimba, atakimbia nayo. Lakini kuchinja dume ya jina yako, halafu aandike na jina yake hapo? Haiwezi! Hiyo ni kazi ya mtu ya mjini, hajui ng'ombe."

Nilicheka na machozi yakanitoka pamoja. Katika dunia nzima, aliyenitetea alikuwa mama ambaye hatujawahi kuonana.

Thiong alitokea nyuma ya ua, akainama kupita mlango wa ua. Aliponiona alibaki ameinama vile vile.

"Umekuja," akasema.

"Ulizima simu."

"Niliona aibu. Khalas, basi, nilikuhukumu bila kukusikiliza, halafu mama akaniamsha kwa maneno makali. Nilikuwa nakuja kuwasha simu sasa hivi."

"Mwenye kibanda cha kuchaji simu, na simu yako imezimwa!"

"Maleesh, Akaale. Nisamehe."

"Ni Lotiir wa saiba. Nilisahau kufunga."

"Basi tumekosea wote wawili. Wewe ulisahau mlango wazi, mimi nikasahau wewe ni nani." Akachuchumaa mbele yangu. "Sina dume tena wa kukukabidhi. Hata wa herufi hayuko."

"Nipe begi."

"Begi gani?"

"Hilo la Juba. Nataka kulifungua kwa mkono wangu."

Nyanut alipiga kigelegele mpaka majirani wakachungulia. Nilifungua kamba, nikatoa mashati moja moja, nikayakunja, Akuwam akiyarudisha ndani kwa mchezo, nami nikiyatoa tena. Sijawahi kufanya kazi tamu kama ile.

Lodwar nako mambo yalikuwa yamechemka. Lotiir alimsimulia babu yake kisa kile akitegemea mzee atacheka. Mzee hakucheka.

"Ulichinja dume wa jina la mtu?"

"Babu, ni ya simu."

"Na jina, lilikuwa la simu?"

Lotiir mwenyewe ndiye aliyenisimulia hayo, mwezi Agosti 2013, siku mbili kabla ya harusi yetu. Alikuja kwa miguu hadi nyumbani kwa mama yangu, nje kidogo ya Lodwar, viatu vyake vizuri vimejaa vumbi, akivuta ndama dume kwa kamba. Ndama mweupe, weusi umemzunguka machoni, kama tu Thiong alivyokuwa akimweleza Makur.

"Babu amesema nisirudi nayo," akasema, macho chini. "Amezunguka maboma mpaka akapata ya rangi hiyo. Bwana Thiong, nimekukosea. Sikujua. Hapana, nilijua, nilisahau."

Thiong alishika pembe ndogo za ndama. Kisha akamkumbatia Lotiir, kamba ikiwazonga wote watatu.

"Na Himaya inaendeleaje?" nikamuuliza tulipokaa kunywa chai.

"Wamehama wote. Walimaliza majoka, wakachoka."

"Si uliwapa panga mpya?"

"Kila wiki! Wanashangilia Jumatatu, Ijumaa wanapiga miayo. Hebu nifungulieni hiyo yenu ya herufi. Nataka kuona mnakaliaga nini huko."

"Inachosha," Thiong akamwambia.

"Najua. Nipe tu."

Tulimpa zizi karibu na letu. Siku ya harusi, katikati ya nyimbo za Kiturkana na za Kidinka zikishindana kanisani, simu yangu ililia: "Msijali leo. Nimewanyweshea wenu. Lotiir."

Mwezi wa Desemba Thiong, aliyekuwa bado akiishi kambini, alipata kibali cha kuja tule Krismasi pamoja. Ndiyo wiki redio ilipoanza kusema habari za Juba, risasi na watu wanaokimbia. Alikaa karibu na redio bila kugusa chakula, mpaka mjomba wake alipopiga simu kwamba yuko hai, yuko njiani kurudi Kakuma. Akaweka simu chini. Akanitazama, kisha akatazama lile begi kuukuu ambalo siku hizi tunawekea nguo za Akuwam. Nilimshukuru Mungu kimya kimya, na Nyanut, na mwiko wake.

Thiong alitoka nje, nikamfuata. Makur, sasa mwenye kwato, alikuwa amesimama kando ya ua, mdomo unadondosha maji.

"Amekunywa?" Thiong akauliza.

"Amekunywa."

"Nani amemnywesha? Wewe ulikuwa ndani na mimi."

Nyuma ya ndama akatokea Akuwam, gauni limelowa lote, jagi tupu mikononi.

"Mimi, baba," akasema. "Sikukuona, nikampa."