Nyaya Kumi na Nne

Kila siku akirudi kutoka shule, Bisibisi alitundika sare yake kwenye msumari nyuma ya mlango, akala kilichofunikwa mezani, akavaa shati kuukuu la baba yake lililomfika magotini, kisha akavuka ua kwenda karakana. Karakana yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha mabati kilichoshikana na nyumba. Ukutani, kila spana ilikuwa imechorewa mstari kuizunguka, ili isiporudishwa mahali pake pengo lionekane hata kwa mgeni.

Bisibisi halikuwa jina alilopewa alipozaliwa. Wateja walimwita hivyo kwa sababu alikuwa msichana mrefu, mwembamba, na hakupita popote bila bisibisi mfukoni. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Baba yake naye alikuwa na jina la kazini, Fundi Polepole. Watu hawakulitaja kwa ubaya. Walijua pikipiki ikiingia kwake itakaa sana, lakini ikishatoka haitarudi.

Siku zile walikuwa na kazi moja kubwa. Shangazi yake Bisibisi, mwalimu wa shule ya upande wa pili wa mji, alikuwa na pikipiki aliyoiendesha tangu alipoanza kazi. Madigadi yalikuwa yameliwa na kutu, kiti kimepasuka, na taa moja ya pembeni ilishikiliwa na kamba. Kila mtu alimshauri aiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Yeye akaisukuma mpaka kwa kaka yake, akasema hataki mpya, anataka hiyo hiyo, ila igeuzwe iwe kafe resa.

Bisibisi hakujua kafe resa ni kitu gani mpaka baba yake alipoichora kwa chaki sakafuni. Alimweleza kuwa ni pikipiki iliyovuliwa kila kisicho na kazi. Usukani unashushwa, mwendeshaji anainama kama anayekimbia. Kiti kinakuwa kifupi, cha mtu mmoja, chenye nundu nyuma. Mbele inabaki taa moja ya duara. Kaka yake Bisibisi, aliyekuwa amemaliza shule mwaka ule, aliitazama ile picha akasema shangazi atafanana na panzi. Shangazi akamjibu kwamba panzi hufika anakokwenda.

Wakagawana kazi. Baba alichukua injini. Kaka alichukua fremu, kukata na kuchomelea. Bisibisi akapewa nyaya.

Alikuwa ameitamani kazi hiyo tangu alipokuwa mtu wa kushika tochi tu. Ndani ya pikipiki ile mlikuwa na nyaya kumi na nne zilizosokotana kama nywele za mtu aliyeamka. Ilibidi fundo lote likatwe, kisha zifungwe nyaya mpya, fupi, zifichwe chini ya tangi na kiti zisionekane. Kabla ya kukata, kila waya ulipaswa kubandikwa kipande cha karatasi chenye namba, na namba hiyo iandikwe kwenye daftari pamoja na kazi yake. Baadaye kaka angeunga nyaya mpya kwa kufuata namba.

Kazi hiyo Baba aliifanya kwa namna yake. Alikuwa na taa ndogo, balbu ya zamani iliyofungwa kwenye betri, yenye vibanio viwili. Kabla ya kubandika namba yoyote alibana upande huu, akabana na ule, akangoja. Ikiwaka, alijua waya unaelekea wapi. Alimwambia Bisibisi asihangaike na rangi za nyaya, atumie taa. Wateja walikuwa wakicheka wakimwona. Walisema nyaya zimetiwa rangi makusudi, huu mwekundu, huu wa kijani, hata mtoto anaona. Sasa taa ya nini? Baba alitabasamu tu na kuendelea kubana.

Bisibisi hakucheka pamoja nao, kwa sababu alikuwa na siri yake.

Mwaka uliopita darasani waliambiwa wachore miti. Yeye akapaka majani rangi, akaridhika nayo, mpaka jirani yake wa dawati alipomuuliza kama hiyo ni miti ya ukame. Majani yalikuwa ya kahawia. Darasa zima likacheka. Tangu siku hiyo alisoma jina lililoandikwa kwenye penseli kabla ya kuigusa, na penseli iliyochakaa jina lake aliiacha. Kwake nyekundu, kijani na kahawia zilikuwa kama ndugu watatu wanaoonekana kwa mbali. Unajua ni watu watatu, lakini hujui yupi ni yupi. Hakuwa amemwambia mtu yeyote, hata mama.

Siku ya tatu ya kazi yake, baba alikwenda kwa fundi wa kukereza vyuma. Kaka akaichukua betri ya ile taa kujaribia honi ya mteja. Bisibisi alikuwa amefika namba ya tisa.

“Bado uko hapo hapo?” kaka akamtania. “Haya, Polepole mdogo. Soma rangi umalize, kesho nataka kukata.”

Zilikuwa zimebaki nyaya tano. Tatu zilikuwa nyeusi, nyeupe na bluu, hizo alizijua. Mbili zilitoka pamoja, nene, zimepakaa vumbi na mafuta. Mmoja ulikuwa mwekundu, waya wa moto unaoleta umeme kutoka kwenye betri. Wa pili ulikuwa wa kijani, unaokwenda kufungwa kwenye fremu. Alizifuta kwa kitambaa. Akazisogeza mwangani. Ndugu wale wale.

Kaka yake alikuwa hatua tatu tu kutoka pale. Kuuliza kungekuwa maneno manne: kaka, huu ni mwekundu? Lakini aliona jinsi atakavyogeuka na kumkodolea macho. Kisha baba angejua, na nani atampa nyaya mtu asiyezijua rangi zake? Angerudishwa kushika tochi.

Akaamua kwamba ule uliokoza ndio mwekundu. Akaubandika namba kumi, mwenzake kumi na moja, akafunga daftari.

Wiki mbili zilizofuata pikipiki ilianza kuwa na sura. Kaka alilinyoosha tangi na kulipiga msasa mpaka mikono ikamchubuka. Mshonaji wa viti, jirani yao, alikishona kiti mara tatu, kwa sababu shangazi ni mfupi na yule mzee hakutaka miguu yake ininginie. Shangazi mwenyewe alikuwa akitembea kwa miguu kwenda kazini na kurudi. Jioni alipita na machungwa kwenye mfuko, akaigusa pikipiki yake, akawaaga. Viatu vyake vilikuwa vyeupe kwa vumbi, na hata siku moja hakuuliza itakwisha lini.

Ijumaa alasiri baba akaweka betri. Alifunga waya wa kwanza, akafunga wa pili.

Chini ya kiti kukasikika mlio kama wa chumvi kwenye moto. Moshi mweusi ukatoka, ukinuka plastiki. Baba aliung’oa waya kwa koleo kabla Bisibisi na kaka hawajajua la kufanya, akawasukuma wote wawili nje. Walipoingia tena, nyaya nne zilikuwa zimeyeyuka, na upande wa chini wa kiti ulikuwa na doa jeusi la ukubwa wa kiganja.

Baba alichungulia kwa tochi. Namba za karatasi zilikuwa zimeungua. Akafungua daftari: kumi, moto, kumi na moja, fremu. Daftari halikuwa na kosa.

“Umeunga moto kwenye fremu,” akamwambia kaka.

“Nilifuata namba, Baba.”

“Namba ziko sawa hapa. Haraka yako ndiyo hii nimekuwa nikiisema.” Baba hakupaza sauti. “Ile barua ya chuo naisimamisha kwanza. Nitamwandikia vipi mkuu wa chuo kwamba wewe ni wa kuaminiwa na nyaya?”

Barua hiyo kaka alikuwa akiingoja tangu amalize shule. Chuo cha ufundi kilitaka neno la fundi aliyemfundisha, nayo nafasi ilikuwa ikifungwa mwisho wa mwezi. Bisibisi alimtazama. Alidhani kaka atasema kwamba namba hakuzibandika yeye. Hakusema. Alichukua ufagio akaanza kufagia vipande vya plastiki, na alipofika alipokuwa amesimama Bisibisi akamzunguka taratibu, asimfagie miguuni.

Ingekuwa rahisi zaidi kama angemkaripia.

“Baba, si yeye,” Bisibisi akasema. “Namba nilizipachika vibaya mimi. Taa sikuitumia, nilikisia. Sizioni, Baba. Nyekundu na kijani, mimi naziona moja.”

Ufagio ukasimama.

“Tangu lini?” kaka akauliza.

“Tangu zamani. Niliogopa mtaninyang’anya nyaya.”

Baba alikaa kwenye tairi kuukuu. Akanyoosha mkono, akaitungua ile taa ndogo, akaiweka magotini.

“Unadhani mimi natumia hii kwa nini?” akauliza.

Kaka aliegemeza ufagio ukutani.

Basi akawaeleza. Alipokuwa kijana alikuwa amekwenda kujifunza ufundi wa umeme. Wakampima macho, wakamwambia hatofautishi rangi hizo hizo, kazi ile haitamfaa. Akarudi nyumbani akawadanganya watu kwamba umeme haukumpendeza. Alipoanza pikipiki akajitengenezea taa, na watu walipomwita Polepole aliona afadhali jina hilo kuliko kusema ukweli. Hata mke wake hakuwahi kumwambia.

“Nilisikia kwamba hali hii huwapata zaidi wanaume,” akasema. “Kaka yako alipokuwa mdogo nilimpa nyanya mbichi na mbivu azitenge, akazitenga. Nikashusha pumzi. Wewe sikukujaribu, nilidhani msichana hawezi kuipata. Na taa nilikuonyesha, lakini sikukwambia sababu. Kama ningesema, nawe ungesema. Hapo kosa ni langu.”

Akamgeukia kaka, akamwomba radhi. Kaka aliangalia chini, akasema yameisha, kisha akaongeza kwamba sasa anaelewa kwa nini baba huvaa soksi za rangi mbili. Baba akacheka mpaka akafuta macho.

Jumamosi asubuhi wakaanza upya. Bisibisi alibana taa kwenye kila waya, zote kumi na nne, hata zile alizozijua. Kaka alisoma rangi kwa sauti, naye akathibitisha kwa taa, na namba haikubandikwa mpaka vyote viwili vikubaliane. Mshonaji wa viti alipopita na kuliona lile doa, hakuuliza nani aliyefanya. Alikichukua kiti kwapani, akakirudisha kabla ya jua kuzama kikiwa na kitambaa kipya chini.

Katikati ya wiki baba aliwapeleka wote wawili kwenye kliniki ya macho. Mhudumu alifungua kitabu chenye kurasa za vitone vya rangi. Kaka alisoma namba zilizojificha ndani yake bila kufikiri. Baba na Bisibisi waliinamisha vichwa pamoja, wakaona vitone. Mhudumu akawaambia kwamba ule unaitwa upofu wa rangi, mtoto huzaliwa nao, hauna dawa, lakini hauzuii kazi nyingi mradi mtu na walio karibu naye waujue. Akampa Bisibisi barua ampelekee mwalimu wake.

Jumamosi iliyofuata shangazi alikuja na viatu vyake vya vumbi. Baba alikuwa amekwisha kumweleza kila kitu, na kwa nini alitembea wiki moja zaidi. Pikipiki ilikuwa uani, chini, nyembamba, usukani umeinama, nundu ya kiti inang’aa. Shangazi akaipanda. Miguu yake ikafika chini. Akageuza ufunguo, na ile taa ya duara ikawaka.

Injini iliponguruma, kuku wa jirani wakaruka ukuta. Shangazi alizunguka ua mara mbili, ameinama, na kwa kweli alifanana na panzi, lakini hakuna aliyethubutu kusema. Mfukoni mwa shati la kaka ilikuwa imechomoza bahasha ya chuo, imeandikwa kwa mwandiko wa baba.

Shangazi alipozima injini akamwita Bisibisi karibu.

“Kutoona rangi si kosa lako, wala si la baba yako,” akamwambia. “Kiti changu kiliunguzwa na kukisia, na kunyamaza. Tena nusura kaka yako akose chuo. Jambo usilolijua, sema hulijui, uulize. Hutapungukiwa kitu. Na niliposikia ulisema ukweli bila kulazimishwa, hapo ndipo nilipojua fundi wangu wa nyaya ni nani.”

Bisibisi aliitikia kwa kichwa. Kisha akasogea kwenye tangi, ambalo kaka alikuwa amelipaka rangi aliyoichagua shangazi. Alikuwa amelisifia wiki nzima bila kujua analisifia nini.

“Shangazi,” akasema, na watu wote walikuwa wakisikia, “hili tangi ni la rangi gani?”

Hakuna aliyecheka.

“Kijani,” shangazi akamjibu. “Kama majani mvua ikishapita.”

Baba alilitazama tangi, akainamisha kichwa upande huu, halafu upande ule.

“Kumbe,” akasema. “Mimi nilidhani kahawia.”