Pasipoti Safi na Sanda ya Zaruhi

Zaruhi alikipaka rangi chumba kwa mikono yake mwenyewe. Rangi ya maziwa. Maral, mchumba wa mwanawe, ndiye aliyeichagua kwa simu kutoka Marseille. Kitanda kilikuwa kimefika. Mapazia yalikuwa tayari, na Zaruhi ndiye aliyeyashona, maana ushonaji ndiyo kazi yake hapa Burj Hamud, mtaa wa Waarmenia kando ya Beirut, tangu akiwa msichana.

Jumamosi hiyo ya Julai alikuwa jikoni akiviringisha wali na nyama ndani ya majani ya mzabibu. Sufuria ya pili ilikuwa imeshajaa. Mwanawe Sahag alisimama mlangoni na funguo za gari mkononi.

"Mama, ndege inatua saa tisa. Twende."

"Ngoja nifunike sufuria. Huyo msichana akute chakula, au akute uso wako wa kuku aliyenyeshewa?"

"Nimenyoa ndevu kwa ajili yake."

"Umejikata kidevu kwa ajili yake. Futa damu."

Harusi ilikuwa imebaki siku nane. Maral ni Mwarmenia kama wao, lakini alizaliwa Ufaransa na pasipoti yake ni ya huko. Angefunga ndoa kanisani mtaani, kisha angekaa na mumewe katika chumba cha rangi ya maziwa.

Kulikuwa na kitu kingine Zaruhi alichokingoja. Sanda.

Kwetu sisi Waarmenia, mtu akienda Yerusalemu wakati wa Pasaka hurudi na msalaba uliochorwa mkononi kwa sindano, na chini yake mwaka. Tena huja na sanda, kitambaa cheupe kilicholazwa juu ya kaburi la Kristo na kudondoshewa nta ya mshumaa. Siku yake ikifika, huzikwa nayo. Mama yake Zaruhi alizikwa na ya kwake. Zaruhi mwenyewe hawezi kwenda. Lebanon na Israeli ni maadui, na sheria inamkataza mwenye pasipoti ya Lebanon kukanyaga kule. Hata mgeni akijulikana amefika kule, Lebanon hawamruhusu kuingia.

Kwa hiyo Maral aliposema anakwenda hija na bibi yake, Zaruhi alimwambia kwenye simu, "Niletee sanda, mwanangu." Akaongeza neno alilolisikia saluni: "Wala usiogope. Siku hizi Waisraeli hawagongi muhuri kwenye pasipoti. Wanakupa kikaratasi tu. Ukitoka, unakitupa. Pasipoti inabaki safi."

Uwanja wa ndege ulijaa watu na maua. Abiria wa Marseille walitoka mmoja mmoja, wakakumbatiwa, wakaondoka. Saa kumi ikapita. Saa kumi na moja ikapita. Maua ya Sahag yakaanza kulegea. Ndipo simu yake ikalia.

"Sahag, wananirudisha," Maral alisema. Alikuwa analia.

"Wanakurudisha wapi?"

"Nilikotoka."

Zaruhi akaipokonya simu. "Wamekuta muhuri?"

"Hapana, mama. Pasipoti haina kitu. Afisa ameifungua ukurasa kwa ukurasa. Halafu akaona mkono wangu. Nimevaa mikono mifupi, joto lenyewe hili. Akatabasamu. Akasema, 'Hongera kwa hija, dada. Ulikwenda lini?' Nami nikajibu kama ninavyomjibu kila anayenipongeza. Nikasema, 'Pasaka hii.' Mwaka umeandikwa pale chini ya msalaba, mama. Ningesema nini?"

"Ungesema ulichorwa Marseille!"

"Kisha wakafungua begi. Sanda ilikuwa juu kabisa."

Zaruhi akamrudishia Sahag simu. Akamwendea askari aliyesimama kwenye kamba ya kuzuia watu.

"Huyo ni mkwe wangu! Amebeba msalaba, hakubeba bunduki!"

"Mama, mimi nalinda kamba hii tu," askari alisema.

"Basi ilinde vizuri, maana nitairuka!"

Sahag alimshika kiuno mama yake, akamtoa nje huku watu wakitazama. Jua lilikuwa bado kali. Ndani ya gari Zaruhi alipiga dashibodi kwa kiganja mpaka pete ikamkata kidole.

Nyumbani alizibwaga sufuria zote mbili juu ya meza. Kishindo kilimleta jirani wa ghorofa ya chini, Khatun. Miaka thelathini Khatun amewajazia watu fomu za viza katika ofisi ndogo iliyo juu ya duka la dawa. Alisikiliza habari yote bila kukatiza. Kisha akauliza:

"Nani alikwambia pasipoti safi inatosha?"

"Saluni."

"Saluni! Kwani wewe ukiumwa jino unakwenda kwa fundi viatu?"

"Usinichezee, Khatun. Leo nina hasira ya kumng'ata mtu."

"Utaning'ata baadaye. Sikiliza kwanza. Afisa hatafuti wino, anatafuta safari. Anataka kujua, ulikwenda au hukwenda? Muhuri ni njia moja tu ya kujua. Kuna kibandiko cha begi. Kuna risiti iliyosahauliwa mfukoni. Kuna picha kwenye simu. Kuna muhuri wa nchi jirani, wa kituo cha mpakani ambacho hakiendi kwingine ila kule. Na sisi Waarmenia tuna mkono."

"Basi angevaa mikono mirefu, akanyamaza!"

"Na akiulizwa, adanganye? Aliyesema kweli amerudishwa kwa ndege. Angekamatwa na uongo, wangeanza kuuliza ametumwa na nani. Ungekuwa unampelekea chakula rumande saa hizi."

Sahag akadakia, "Sisi tukishaoana nitaomba pasipoti ya Ufaransa. Nitakwenda naye Yerusalemu wazi wazi, nione watanifanya nini."

Khatun alipiga meza. "Thubutu! Wewe ni Mlebanoni hata ukiwa na pasipoti tano. Sheria inakufuata wewe, haifuati kile kijitabu. Maral amefungiwa mlango. Wewe utafungwa jela."

Zaruhi alisimama. "Kwa hiyo wakubwa wagombane, na mimi nikose harusi ya mwanangu? Nimemkosea nani mimi? Nilitaka kitambaa cha kuzikiwa!"

"Hujamkosea mtu," Khatun alisema. "Una haki ya kukasirika. Mimi nimekasirika miaka thelathini. Lakini mpakani hawapokei hasira, wanapokea karatasi."

"Sasa angefanya nini?"

"Angeuliza kabla ya kukata tiketi. Siyo saluni. Angeuliza ubalozi wa nchi inayompokea: je, nikienda kule, mtaniruhusu kuingia kwenu? Na angeuliza tena kila safari, maana sheria hubadilika. Wangemwambia, 'Chagua.' Ni uchungu kuchagua kati ya Yerusalemu na nyumba ya mume. Lakini angechagua huku anajua."

Zaruhi alikaa. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alilia. "Ni mimi niliyemwambia asiogope," alisema.

Khatun alivuta sahani, akajipakulia. "Lia, halafu ule. Harusi haijafa. Tafuteni nchi inayowapokea wote. Kisiwa cha Saiprasi kiko hapo ng'ambo ya bahari, na Nikosia, mji wake mkuu, kuna kanisa letu."

Wiki iliyofuata kaka yake Zaruhi, Garbis, alikuja anacheka.

"Dada, nimepata njia! Hakuna haja ya kuhangaika na viza. Tunapitia Istanbul, tunatua upande wa kaskazini wa Saiprasi. Kule Mlebanoni haombwi viza. Tunalala, asubuhi tunavuka mtaa kwa miguu, tuko kanisani."

Zamani Zaruhi angempigia makofi. Safari hii alimkazia macho. "Umemuuliza nani?"

"Jamaa mmoja tunacheza naye karata."

"Karata! Mimi saluni, wewe karata! Familia ya wasomi hii! Vaa viatu."

Akamburuta hadi ofisini kwa Khatun. Khatun alisikiliza, akatikisa kichwa.

"Kisiwa kile kimegawanyika, kaskazini Waturuki, kusini Wagiriki, na Nikosia yenyewe imekatwa katikati. Serikali ya kusini, ambako ndiko kuna kanisa, haiutambui uwanja ule wa kaskazini kuwa mlango halali wa kuingilia. Mlebanoni akiingilia kule, anaweza kugeuzwa kwenye kizuizi katikati ya mji. Utasimama na suti yako, Garbis, unasikia kengele za harusi, na huvuki."

Garbis aliacha kucheka. "Lakini viza itachukua wiki nyingi."

"Basi tutangoja wiki nyingi!" Zaruhi alifoka. "Nimeshangoja na maua mara moja. Sirudii."

Walijaza fomu. Walipeleka barua ya kanisa, barua za kazi, picha, tiketi za kwenda na kurudi. Walipoulizwa swali walijibu kweli. Viza zilitoka mwanzoni mwa Septemba. Wote walitua Larnaka, upande wa kusini, Maral kutoka Marseille na wao kutoka Beirut. Hakuna aliyegeuzwa. Padri alipowavika taji bwana na bibi harusi, Zaruhi alikuwa mstari wa mbele.

Kabla ya kuagana, Maral alimwita pembeni. Alitoa kifurushi mkobani. "Mama, sanda yako. Walinirudishia."

Zaruhi aliifungua. Aliona matone ya nta. Aliweka shavu lake pale kwa muda mrefu. Kisha akaikunja upya, pembe kwa pembe, kama anavyokunja nguo za wateja, akamrudishia.

"Nikiibeba mimi, Beirut watanifungua begi. Kaa nayo wewe."

"Lakini mama, umeingoja..."

"Nimesema kaa nayo! Nikifa nizikwe na shuka. Mungu atanijua."

Sahag alikwenda Marseille na mkewe. Chumba cha rangi ya maziwa sasa kina cherehani. Kila Zaruhi akikipita hukunja uso, na akiulizwa anasema ameshukuru, lakini hajasamehe.

Juzi alikuwa saluni, nusu ya nywele imepakwa rangi. Mama mmoja alikuwa anasimulia safari ya binti yake anayeishi Kanada, anayekuja Beirut kwa Krismasi. Binti huyo alitaka kupitia Yerusalemu kwanza.

"Hakuna shida," mama yule alisema. "Siku hizi hawagongi muhuri, wanatoa kikaratasi."

Zaruhi aliinuka na taulo mabegani, rangi ikimtiririka shingoni.

"Tiketi ameshakata?"

"Bado, anakata leo. Kwani vipi?"

"Mpigie simu, asikate. Na wewe simama, twende kwa Khatun, juu ya duka la dawa."

"Jamani, Zaruhi! Na nywele zako hizo?"

"Na nywele hizi hizi."