Aliyebisha Mara Moja

Simu ya Bergdís, yenye mlio kama wa kubisha mlango, iligonga mara moja tu. Ilipaswa kugonga mara tatu. Ndivyo alivyoitegesha, maana mama yake alimlea kwa onyo kwamba binadamu hubisha mara tatu, na kinachobisha mara moja hakifunguliwi. Lakini mikono ilikuwa imejaa magamba ya samaki, msimamizi wa kiwanda anamkodolea macho, na mwanawe Ylfa, msichana wa miaka kumi, alikuwa amemganda wiki nzima kuhusu mchezo wa video wa mashoka na damu. *Watoto wanaomba kucheza pamoja. Mzazi unaridhia?* Akabonyeza ndiyo, apumue. Haraka haraka haina baraka.

Saa tisa unusu alasiri, giza la Desemba la kaskazini ya mbali, ambako jua huzama mapema, limeshatanda, alifungua mlango wa nyumba akapokewa na harufu ya sufu iliyolowa. Ylfa alikuwa mbele ya televisheni, midomo imekauka kwa baridi. Mashoka yalikuwa yakishuka kwenye kioo. Kidude cha pili cha kuchezea kililala zuliani, vitufe vikibonyea vyenyewe.

"Nilikuruhusu ucheze kidogo tu, Ylfa."

"Mimi sijaomba, mama. Tableti ninayoombea ruhusa si umeifungia kabatini tangu jana?"

Bergdís akatoa simu. Akampigia mama yake, sauti chini.

"Mama, nimeridhia kitu."

"Kilibisha mara ngapi?"

"Moja."

"Basi ni mzimu wa yule mtoto wa zamani, aliyetupwa thelujini na mama yake afe. Uliyeridhia ni wewe, futa ridhaa hiyo wewe. Upesi, mjinga wee!"

Akafuta, huku harufu ile ikimpanda puani na vitufe vikibonyea kwa kasi kana kwamba mchezaji amekasirika, mpaka simu ikaandika: *Mchezaji wa pili ni mtoto. Mzazi wake anaarifiwa.*

Umeme ukakatika. Mlango ukabishwa, mara moja.

"Ni mama wa ninayecheza naye," Ylfa alinong'ona gizani. "Anauliza kama naweza kwenda kucheza kwao."

Bergdís alipapasa, akamdaka mtoto, akambana kifuani. "Sitaki! Sitaki! Sitaki!"

Simu ikagonga mara moja. *Mzazi, ulisharidhia.*

Kwa mwanga wake aliona mlango uko wazi na viatu vya Ylfa havipo. Mtoto aliyemkumbatia alikuwa mwepesi mno, na nywele zake zilinuka sufu iliyolowa.