Mstari wa Chaki

Sogeeni, wajukuu zangu, na huyo anayetafuna ameze kwanza. Haya hayasimuliwi kwa kelele. Yalimkuta shoga yangu, fundi cherehani, nyumba ya pili kutoka hapa.

Asubuhi ilikuwa njema, wateja tele, ila moyo wa Fundi haukutulia. Binti yake alikuwa amejifungua kwa siri chumba cha nyuma. Kichanga kilitoka kimya, hakikulia. Kwa kuogopa aibu wakakizika nyuma ya jiko, wakafunga midomo. Lakini mazoea yana taabu: kabla ya kushona sanda, Fundi alimlaza mtoto mezani akampima, akapiga mstari wa chaki toka utosini hadi unyayoni, kama mteja yeyote.

Mstari aliufuta. Kesho yake ulikuwepo. Mrefu zaidi.

Afande mmoja, mama wa makamo, akaja kuchukua gauni lake.

"Shoga, binti tumbo kalipeleka wapi?"

"Ulikuwa uvimbe tu, afande. Umepona."

"Uvimbe wa kutamani maembe mabichi!" Akacheka, kisha akaacha. "Mtoto kuzaliwa mfu si kosa la mtu. Kumficha, hiyo ndiyo jela."

Sindano ikamchoma Fundi. Mstari ulikuwa umefika ukingo wa meza.

Kulipokucha, meza ilikuwa safi. Mstari ulikuwa ukutani, kando ya kitanda cha binti. Umesimama wima.

Ukakua. Ukamfika binti kiunoni. Begani. Ulipofika utosini ukakoma, ukaanza kupinda. Ukachora shingo. Ukachora mkono.

Fundi akaelewa. Kitambaa kikishachorwa, kinachofuata ni mkasi.

Akamtuma jirani amwite afande.

"Mama, utanifungisha," binti akanong'ona.

"Bora jela, mwanangu. Jela nitakuletea chakula."

Afande akaja, akaelezwa yote, wakachimba nyuma ya jiko. Sanda ikatoka, mafundo yote yamekaza, mshono haujafumuka hata tundu.

Ndani hamkuwa na mtu.

"Kesi hii nitaipeleka wapi?" afande akauliza. Ukutani napo pakawa peupe.

Fundi ameshatangulia. Cherehani karithi binti, mkasi kachukua mdogo wake Fundi, pasi ya mkaa ninayo mimi. Chaki hakuna aliyeitaka. Iko pale dirishani kwake, haiguswi na mtu.

Na kila nikipita, naiona imepungua.