Mkono Ulioshika Kamba

Mke wa Daktari alifungua mlango wa chumba cha vitabu saa moja asubuhi, kikombe cha chai mkononi. Alimwona mumewe sakafuni, akaiona damu, akakiweka kikombe juu ya kabati taratibu, kisha ndipo akapiga yowe. Baadaye alimwambia Mkaguzi kwamba hajui kwa nini alianza na kikombe. Mkaguzi alimjibu kwamba watu wengi huanza na kikombe.

Mkaguzi alikuwa mwanamke wa makamo, mkavu wa maneno, asiyependa kuharakishwa. Alisimama kizingitini muda mrefu kabla ya kuingia. Nyuma yake Sajenti alikuwa akihema, maana ngazi za nyumba ile zilikuwa nyingi na yeye alikuwa mtu wa tumbo.

Marehemu alilala kifudifudi kando ya meza. Alikuwa daktari wa mifugo kabla ya kustaafu, na chumba hiki ndicho kilichokuwa roho yake: kuta tatu za rafu, karibu zote vitabu vya mbwa wa kazi. Mbwa wa kuwinda, wa kuchunga kondoo, wa kufuata nyayo, wa kuokota bata waliopigwa risasi. Na katikati yao vitabu vya bunduki, ndoano na safari za porini. Kilichomuua kilikuwa palepale, mbwa wa shaba, mzito kama tofali, aliyenyanyua mguu mmoja wa mbele jinsi mbwa wa kuwinda afanyavyo akimnusa ndege. Kazi yake ilikuwa kuegemeza vitabu.

"Nyumba hii ina mbwa, mama?" Mkaguzi aliuliza.

"Hakuna," alisema mjane. "Hakutaka. Alisema mbwa wanaacha manyoya."

Sajenti alikohoa, akageukia dirisha. Komeo lilikuwa limevunjwa na vioo viko wazi. "Mwizi," alisema. "Kaingia hapa, kapekua, mzee kamkuta. Mambo yakaharibika."

Mkaguzi alichuchumaa. Karibu na mlango zilitapakaa taarifa za zamani za idara ya mifugo, zimerushwa hovyo, nyingine zimefunguka kifudifudi na kurasa zimekunjamana. Huku ndani, chini ya rafu za mbwa, vitabu navyo vilikuwa sakafuni, rafu nzima nzima. Lakini vilikuwa vimefungwa. Vililala ubapa, kimoja juu ya kingine. Aliinua kadhaa, akazitazama pembe zake. Hakuna iliyopondeka.

"Huku alichoka?" aliuliza.

"Labda alikuwa ameshapata alichotaka, afande."

"Aliyepata alichotaka huondoka."

Juu ya meza palikuwa na kisu chembamba, rula ya chuma, na kitabu kikubwa kilichofunguliwa mahali ambapo picha moja ilikuwa imekatwa. Picha yenyewe ilikuwa pembeni, imelazwa juu ya fremu mpya ikisubiri kioo: mbwa wawili kando ya maji, mmoja ana bata mdomoni. Fremu ilishapigiliwa kibati kilichoandikwa Kutoka Mkusanyo wa Daktari. Ndani ya kapu la taka Mkaguzi alikuta vipande vyembamba vya karatasi, akavipanga kuizunguka picha. Kimoja kilitoka juu, kimoja chini, kimoja kulia. Cha kushoto hakikuwapo. Sajenti alikitafuta chini ya meza, nyuma ya pazia, mpaka chini ya zulia, akainuka na vumbi tu.

"Jana alikuja nani?" Mkaguzi alimuuliza mjane.

"Watatu. Mnadi wa vitu vya kale, asubuhi. Jioni mpwa wake, wakagombana getini. Nilipokuwa natoka kwenda kwa dada yangu, nikapishana na fundi anayemshonea vitabu, analeta kitabu. Niliporudi, taa ilikuwa inawaka chini ya mlango. Nikajua anasoma. Nikaenda kulala." Alikitazama kikombe juu ya kabati. "Kusema kweli siku hizi hasomi. Macho yalikuwa yanafifia. Alikuwa anavipapasa na kuvinusa tu. Akasema heri picha zipate watazamaji wengine."

Kabla ya saa nne mpwa alikuwa ndani. Jirani alimwona akiruka ukuta wakati wa magharibi, na darubini ya marehemu ilikutwa kwenye mkoba wake. Mkuu wa kituo alisugua viganja kwa furaha. "Za mwizi ni arobaini," alimwambia Mkaguzi. "Saa kumi anapelekwa mahakamani kwa mauaji. Andika tumalize."

Nje, kwenye benchi la kituo, alikaa mama yake yule kijana, dada wa Daktari. Asubuhi moja ilikuwa imemwachia maiti ya kaka na pingu za mwana, na hakuwa analia. Alikuwa ameshika kandambili za mwanawe, maana walimchukua bila viatu. Mkaguzi alipita mbele yake akahisi aibu, ingawa hakuwa amefanya lolote la kuonea aibu bado.

"Darubini umeiba wewe," alimwambia kijana mle ndani.

"Nimeiba mimi. Ilikuwa barazani. Mjomba alinifukuza chumba cha uani, nikaona nisiondoke mikono mitupu." Alijifuta viganja kwenye suruali. "Lakini chumba chake cha vitabu sijakanyaga tangu utotoni. Alinichapa kwa kufungua kitabu na mikono ya maembe."

Mkaguzi alitoa kitabu kimoja cha mbwa kwenye mfuko wake. "Nishikie hiki, nitafute kalamu."

Kijana alikipokea kwa jalada moja tu. Kurasa zote zikaning'inia upande mmoja, mshono ukalia.

"Kirudishe," alisema Mkaguzi, akatoka bila kuandika kitu.

Mnadi alikutwa dukani kwake, katikati ya viti vya kale na saa zisizotembea. Alikuwa mtu wa manukato na maneno mengi. Usiku uliopita alikuwa akiendesha mnada mbele ya ukumbi mzima, na alitoa majina ya mashahidi kabla hajaulizwa.

"Hoteli moja mpya inataka picha za mbwa kwa ajili ya kuta zake," alisema. "Daktari akakubali kukata zake, mradi jina lake liwe kwenye kila fremu. Alifurahi kama bwana harusi."

"Naomba hicho kitabu pale juu."

Mnadi alitia kidole juu ya mgongo wa kitabu akakivuta. Ngozi ikachanika. Alikitupa mezani bila hata kuangalia.

"Ile ya mbwa wawili na bata," Mkaguzi alisema. "Upande wa kushoto palikuwa na nini?"

"Mtu. Nilimwambia amwondoe. Wateja wanataka mbwa. Ukimwacha mtu, wanaanza kuuliza ni nani."

"Na ni nani?"

"Nitajuaje, afande? Mtunza mbwa tu. Hata kitabu chenyewe hakikumtaja. Chini ya picha kuna majina ya mbwa na jina la bwana wao, basi."

Mkaguzi alirudi nyumba ya Daktari akaitazama picha upya. Mbwa wa kushoto alikuwa na kamba shingoni. Kamba ilipanda, ikanyooka, na pembezoni kabisa ikaishia kwenye vidole vinne vilivyoishika. Baada ya vidole palikuwa na ukingo wa karatasi. Alitazama kwa muda, halafu akatazama malundo sakafuni, vitabu vimelala kama watoto waliofunikwa shuka. Saa ya ukutani ilionyesha saa nane kasoro.

"Sajenti, ukitaka kuvuruga chumba ili watu wadhani ni mwizi, vitabu unavifanyaje?"

"Navivurumisha."

"Na kama ni wewe uliyevishona vyote, kimoja kimoja, ngozi na gundi, miaka yote?"

Sajenti alichukua kofia yake.

Karakana ya fundi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa, inanuka gundi na ngozi mbichi. Fundi alikuwa mzee mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi. Alisimama walipoingia, akawapangusia viti.

"Poleni na msiba, afande. Nimesikia."

"Asante, fundi. Nina kitabu kina damu kwenye jalada. Kinatengenezeka?"

Alikipokea kwa mikono miwili, kiganja kimoja chini ya mgongo wake, kama mtu anayepokea kichanga. Akakigeuza polepole kwenye mwanga. "Ngozi inafutika. Kurasa hazijaguswa." Akakilaza ubapa juu ya kitambaa safi.

"Ndivyo ulivyovilaza na vile vingine," alisema Mkaguzi.

Fundi aliendelea kukipapasa kile kitabu.

"Taarifa za serikali ulizirusha," Mkaguzi aliendelea. "Hukuzishona wewe. Ulipofika kwenye za mbwa ukashindwa. Nimemjaribu kijana, anakamata kitabu kama kuku wa sokoni. Mnadi ananyofoa migongo. Kati ya watu watatu waliokuja jana, anayeshindwa kuvurumisha kitabu ni mmoja. Na mtu wa namna hiyo akichukua kile kipande cha kushoto hakikunji, anakikandamiza kinyooke. Fundi, fungua kibanio chako."

Kibanio cha chuma cha kukandamizia vitabu kilikuwa nyuma yake, kimekazwa. Mzee alitazama mlango, ambao Sajenti alikuwa ameuziba wote, kisha akauzungusha mkono wa kibanio kurudi nyuma. Katikati ya karatasi mbili safi kulikuwa na kipande chembamba cha picha, kimebandikwa karatasi mpya kwa nyuma kisipinde. Mwanamume amesimama kwenye matope, suruali imekunjwa, kofia ya ngozi kichwani. Mkono mmoja ulikatikia ukingoni, vidole vyake vimebaki kwenye picha ya mbwa.

"Baba yangu," alisema fundi.

Alikaa. Wakamwacha akae.

"Aliwatunzia wawindaji mbwa zao. Alifariki mimi niko mdogo. Nyumbani hatukuwa na picha yake hata moja. Mama alikuwa akituambia kuna mzungu mmoja alikuja na kamera, akampiga picha na mbwa, ikawekwa kitabuni. Tulidhani anatutuliza tu. Siku moja Daktari ananiletea kitabu mgongo umeachia, nakifungua, huyu hapa. Ile kofia mama ndiye aliyeishona." Alivua miwani. "Nikamwomba kitabu. Akasema, nishonee vitabu vyangu bure, nikifa ni chako. Nikashona. Nimeshona mpaka macho yameisha, afande. Kila nikienda ananiruhusu nikitazame kidogo. Sikulalamika."

"Na jana?"

"Nimemkuta ameshakata. Nikauliza, Daktari, umefanya nini? Akasema usiwe na wasiwasi, kitabu bado ni chako, nimetoa picha moja tu. Nikamwambia ndiyo yenyewe. Akacheka. Akasema, fundi, mbwa hawa wana ukoo unaojulikana mpaka babu wa babu, huyu mwingine nani atamtafuta? Akaokota kipande akakitupa kapuni. Mimi niko mbele yake."

Alisimulia yaliyofuata kwa sauti ileile, bila kujitetea. Mbwa wa shaba alikuwa karibu na mkono. Baadaye alivunja komeo, akazirusha zile taarifa.

"Nikachukua kitabu cha mbwa, nikanyanyua mkono. Mkono ukakataa." Aliutazama kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Kichwa cha mtu niliweza. Kitabu nimeshindwa. Mungu atanihukumu kwa lipi kati ya hayo, sijui."

"Ulijua wamemkamata kijana?"

Mzee aliigeuza miwani mkononi. "Nilisikia saa tano. Nilisema gundi ikikauka nitakuja mwenyewe."

"Mama yake yuko kwenye benchi tangu asubuhi," alisema Mkaguzi. Alitaka kusema kwa ukali, maana hasira ilikuwapo na ilikuwa ya haki. Hakuna gundi inayostahili kukausha roho ya mama wa mtu. "Twende."

Alipofungwa pingu, mzee aliuliza jambo moja tu, kipande kitawekwa wapi. "Kisikae penye unyevu. Kilale ubapa. Kisikunjwe, afande, tafadhali, karatasi ya zamani ikikunjwa haisamehe."

Kijana alitolewa saa kumi kasoro. Kosa la darubini lingesubiri. Mama yake aliinuka, akamvalisha kandambili mguu mmoja baada ya mwingine kama mtoto, wakaondoka hawajamtazama mtu. Mkuu wa kituo alisema tangu mwanzo alishuku kwamba si kijana, na hakuna aliyembishia.

Karani wa vielelezo alichukua kile kipande kwa ncha za vidole, akavuta mashine ya kutobolea.

"Hicho hakitobolewi," alisema Mkaguzi.

"Kila kielelezo kinatobolewa, afande. Ndio utaratibu. Bila tundu hakikai kwenye faili."

Mkaguzi alimnyang'anya, akakilaza katikati ya karatasi mbili safi, akazitia kwenye bahasha kubwa. Alijua stoo ya vielelezo inavuja, alijua panya wake kwa majina, na alijua kesi zinakaa humo mpaka wino unafifia. Alijua pia kwamba mzee yule atahukumiwa, na ni haki ahukumiwe. Moyo ulimuuma hata hivyo.

"Niandike nini juu yake?" karani aliuliza, kalamu imeshagusa bahasha. "Kipande cha karatasi?"

"Andika picha ya mtu."

Karani aliandika, akauliza kama mtu huyo ana jina. Mkaguzi alisukuma kiti nyuma, akaenda mwenyewe mpaka mahabusu kuuliza.